Ushahidi Juu ya Mangungo

Kuna hadithi ya gari inayosimuliwa kwenye semina za biashara duniani kote, na sasa imefika kwetu Ipagala, Dodoma. Kampuni ya Chevrolet ilitengeneza gari, ikaliita Nova, ikalipeleka Mexico. Halikununuliwa, kwa sababu kwa Kihispania "no va" ni haliendi, na nani atatoa fedha yake kununua gari lisilokwenda? Mwalimu aliyealikwa kuwafunda vijana wa kanisani kwetu juu ya ujasiriamali aliisimulia vizuri sana, kwa sauti mbili, ya muuzaji anayebembeleza na ya Mmexico anayejikuna kichwa. Ukumbi mzima ukacheka. Kisha akatoa fundisho lake: fanyeni utafiti kabla ya kupeleka bidhaa sokoni.

Hadithi hiyo si ya kweli. Chevrolet Nova liliuzwa Mexico na Venezuela, na lilipata wanunuzi. Pemex, shirika la mafuta la serikali ya Mexico, lenyewe liliuza petroli kwa jina la Nova, na Wamexico wakajaza matangi yao bila wasiwasi. Mtu aliyezaliwa na Kihispania hayachanganyi matamshi hayo mawili, kama sisi tusivyochanganya barabara ya kwenda Dar es Salaam na ile barabara tunayoisema kazi ikifanyika sawasawa. Herufi ni zilezile, mkazo ndio unaotofautiana, na sikio la mwenyeji halihitaji kufikiri.

Nilimfuata yule mwalimu nje, watu walipokuwa wakinywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile ya gari umeitoa wapi?"

"Inajulikana, mama. Hata vitabuni imo."

Nikamweleza habari za petroli. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akatabasamu, akasema: "Sawa mama. Lakini hata kama haikutokea, fundisho lake si ni la kweli?"

Kijana hakuwa na ubaya wowote. Lakini swali hilo nimelibeba tangu siku ile, kwa sababu kazi niliyoifanya maisha yangu yote ilisimama juu ya jibu lake.

Nilikuwa karani wa mahakama za mwanzo za huku kwetu mpaka nikastaafu, na kwa kuwa Cigogo ndiyo lugha niliyonyonya, kila alipoletwa mzee au bibi asiyejiweza kwa Kiswahili niliitwa nitafsiri. Unaapishwa kwanza, kama shahidi. Unasimama kati ya hakimu na yule mzee, unasikiliza, unasema, halafu unasubiri kalamu ya hakimu isimame, maana maneno yanaandikwa kwa mkono. Katika muda ule wa kusubiri kalamu ndipo unapouhisi uzito wa ulichosema. Kikishaingia kwenye jalada, basi hicho ndicho mzee alichosema, hata kama hakukisema.

Kesi za ng'ombe ndizo zilizokuwa na mtego mkubwa. Ugogo mvua ni haba na haina ahadi, kwa hiyo mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anawagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali. Anayewatunza anakunywa maziwa yao na kupata samadi, na ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine unabaki. Ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe. Sasa mzee anasimama mbele ya hakimu aliyehamishiwa Dodoma kutoka mkoa mwingine, fimbo yake kaiegemeza ukutani, kofia kaishika mkononi, anasema kwamba ng'ombe watatu alimpa fulani. Kila Mgogo aliyemo chumbani anajua kwamba hajampa. Amemwekesha. Lakini kalamu inasubiri neno moja, na ukilitoa hilo neno peke yake umemnyang'anya mzee mifugo yake kwa tafsiri ambayo hakuna atakayeiita kosa. Nilichokifanya ni kumwomba hakimu ruhusa, nikalisema neno lilivyo, kisha nikaueleza utaratibu wenyewe, na pande zote mbili zikaulizwa kama ndivyo. Inachosha, na mara nyingine hakimu anakasirika. Ndiyo kazi.

Kwa hiyo napenda kusema hivi kwa watu wanaopenda vichekesho vya wakalimani: makosa mengi ya kweli ya tafsiri hayachekeshi, kwa sababu hakuna anayeyaona. Yanapita kimya, yanaandikwa, yanapigwa mhuri. Yale yanayosimuliwa kwenye semina mara nyingi yametungwa, au yalitokea kidogo yakanenepeshwa. Desemba 1977 Rais Jimmy Carter wa Marekani alitua Warsaw, na mkalimani wake, Steven Seymour, alikosea kweli: kuondoka Marekani kukatoka kama kuihama, na matarajio ya watu wa Poland ambayo rais alitaka kuyaelewa yakatoka kama ashiki za mwili. Hayo yalitokea. Lakini leo utamsikia mtu akiapa kwamba rais alitangaza mbele ya taifa zima kuwa anataka kulala na watu wa Poland. Seymour alikuwa msomi aliyetafsiri mashairi ya Kirusi, na Kipoland hakikuwa lugha yake kuu. Alipofariki mwaka 2014 magazeti yalimkumbuka kwa siku ile ya Warsaw. Mtu anaweza kuishi miaka mingi, akafanya kazi nyingi za maana, akazikwa na kichekesho kimoja ambacho nusu yake imeongezwa na wasimuliaji.

Jirani yangu ni ustadhi aliyestaafu ualimu; ukuta wake na wangu ni mmoja, na jioni hukaa kibarazani akisoma. Nilimpelekea swali la yule kijana. Akakifunga kitabu, akanisimulia habari za Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa mji wa Marw huko Khurasan katika karne ya pili ya Hijra. Kulikuwa na hadithi zilizonasibishwa na Mtume zikieleza fadhila za kusoma sura za Qurani, sura moja baada ya nyingine. Kadhi huyo alipoulizwa amezipokea kwa nani, alikiri kuwa amezitunga mwenyewe. Aliwaona watu wameiacha Qurani, wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na visa vya vita vya Ibn Ishaq, akataka kuwarudisha.

"Nia yake ilikuwa njema," nikasema.

"Njema kabisa, dada. Na wanavyuoni wakamweka kwenye orodha ya waongo. Wako waliojitetea kwamba wao hawamzulii Mtume jambo la kumdhuru, wanazua la kumsaidia. Haikukubaliwa."

"Kwa nini?"

"Dini imetufikia kwa mikono ya wapokezi. Mpokezi mmoja akijipa ruhusa ya kuongeza chenye manufaa, hujui tena kipi kimetoka Madina na kipi kimetoka Marw."

Upande wetu Wakristo aliyelishughulikia swali hili kwa ukali zaidi ni Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, Algeria. Aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja yapata mwaka 395 na kingine yapata 420. Katika kile cha kwanza alipanga uongo katika aina nane, akaanza na ule alioona ni mbaya kuliko wote: uongo unaosemwa katika kufundisha dini. Sikutarajia hivyo nilipokutana nayo mara ya kwanza. Nilidhani ataanza na uongo wa kuua mtu. Lakini hoja yake naiona. Mwalimu akishajulikana kuwa husema lisilo kweli pale linapofaa, kila anachosema kinabaki na alama ya kuuliza, pamoja na kile kilicho kweli. Kitabu cha pili kilitokana na habari zilizomfikia kutoka Hispania: kulikuwa na wazushi waliojificha ndani ya Kanisa, na wapo waumini waliotaka kujifanya wazushi ili wawafichue. Augustino akakataa. Huwezi kuutetea ukweli kwa kuanza kuuvunja.

Hapa najua nitaulizwa: basi tuache na ngano? Tumtupe sungura na fisi? Na mifano ya Yesu je? Hakuna aliyewahi kuuliza yule mwana mpotevu alikuwa wa kijiji gani.

Hapana, na hata Augustino mwenyewe hakuzihesabu ngano na mifano kuwa uongo. Msimulizi anapoanza ngano, anayesikia anajua yuko wapi. Fisi hana ukoo utakaoaibika. Baba wa mwana mpotevu hakutajwa jina, kwa hiyo hakuna familia inayonyooshewa kidole. Lakini ukisema "Wamexico hawakununua", umetoka kwenye ngano, umeingia kizimbani. Umetaja watu walioko, umetaja mahali, umedai jambo lilitokea, na jambo lenyewe ni la kumdhalilisha mtu: huyu mjinga wa kupeleka, yule mjinga wa kupelekewa. Huo ni ushahidi, na ushahidi una masharti. Mahakamani shahidi anaulizwa kwanza: ulikuwapo? Uliona kwa macho yako? Akijibu kwamba inajulikana, anaambiwa ashuke. Na amri ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, ambayo sisi Waanglikana tunaihesabu ya tisa na Wakatoliki ya nane, haikuweka msamaha kwa ushahidi wenye fundisho zuri.

Sisi Wagogo tunalijua hili kwa uchungu kuliko wengi. Msafiri wa Kizungu Burton alipita Ugogo mwaka 1857, Stanley, Mzungu mwenzake, akapita 1871, wote wakaandika kwa hasira juu ya hongo, yaani ushuru wa njia, waliyotozwa na watemi. Ulaya ikasoma, na jina letu likabaki na hasira ile. Upande wa pili, wa wenye visima katika nchi kame waliopitiwa na misafara ya mamia ya watu wenye kiu na njaa, haukuwa na kitabu. Hata jina la mji wetu, Dodoma, lina hadithi mbili. Moja inasema tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akazama matopeni, na watu wakasema idodomya, amezama. Nyingine inasema Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakachomeka mikia kwenye tope, na wenye mali walipofika wakaambiwa ng'ombe wamezama. Hiyo ya tembo isimuliwe mpaka kiama. Hiyo ya mikia nimeisikia ikisimuliwa na Wagogo wenyewe kwa majivuno ya ujanja, na kila mara natamani waone wanachokifanya: wanawatilia saini babu zao hati ya wizi ambayo hakuna mlalamikaji aliyewahi kuileta.

Sasa nifike kwa mtu ninayetaka kumsemea. Ukipanda basi la Morogoro kutoka hapa Dodoma, ukifika Dumila, barabara ya kulia inakwenda Kilosa, na njiani iko Msowero. Vitabu vya shule vinaiandika Msovero, na kila mtoto wa Tanzania anamjua mtu mmoja wa huko: Mangungo. Mwishoni mwa Novemba 1884 Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30, alifika kwake akiwa na karatasi ya Kijerumani, na Mangungo akatia alama yake. Karatasi inadai kwamba aliitoa nchi yake yote, milele, kwa Chama cha Ukoloni wa Kijerumani. Peters alirudi pwani na mikataba ya namna hiyo kutoka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akaharakisha kwenda Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo.

Tumefanya nini na Mangungo tangu hapo? Tumemgeuza tusi. Kiongozi akisaini mkataba mbovu wa madini anaitwa Mangungo, bungeni na magazetini. Mjukuu wangu alikuja na kazi ya nyumbani ya historia, akanisomea alichoandika: chifu aliuza nchi kwa sababu hakuelewa lugha. Nikamuuliza, nani amekwambia? Akasema kitabu. Na kitabu nani amekiambia?

Ukiifuata njia hiyo nyuma, unafika kwa Peters. Karatasi iliandikwa na yeye, kwa lugha yake. Masimulizi ya safari ile tunayoyarejea yamo kwenye kitabu chake mwenyewe. Ndiye aliyesema wenyeji walifurahi, ndiye aliyesimulia vinywaji, bendera, milio ya bunduki na undugu wa damu. Na huyu ndiye mtu ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu, aliyemnyonga mtumishi wake na msichana huko Kilimanjaro, na serikali yake mwenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Na mwaka ule ule wa 1885 Sultani Barghash wa Unguja aliipinga mikataba hiyo kwa Kaisari, akisema machifu wale hawakuwa na mamlaka ya kuitoa nchi. Kwa hiyo shahidi wetu ni mmoja, ana maslahi katika kesi, na mwenendo wake unajulikana. Katika chumba cha mahakama nilichokizoea, ushahidi huo peke yake usingemtia mtu hatiani kwa wizi wa kuku.

Tena fikirini undugu wa damu. Mwenyeji anayechanjana na mgeni, akanywa naye, akaipokea bendera yake kama zawadi, akamwambia nchi hii ni yako, karibu, amefanya nini hasa? Nimeeleza habari za ng'ombe wa kuwekeshwa. Ardhi kwa watu wengi wa ukanda huu ilikuwa hivyo hivyo: mgeni anapewa mahali pa kulima na kulala, na mahali panabaki pa wenyeji. Chifu hakuwa hata na uwezo wa kuuza. Makaburi ya wazee yalikuwa ndani ya ardhi hiyo. Kalamu ya Peters ilisubiri neno moja, na hakuwapo mtu aliyeapa kulieleza neno hilo mbele ya pande zote mbili.

Mwanahistoria akiniambia lilikuwa kosa la tafsiri tu, nampinga, na mfano wangu ni Ethiopia. Mnamo Mei 1889, kule Wuchale, Menelik wa Ethiopia alitia saini mkataba na Waitalia. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema mfalme anaweza kuitumia Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kilisema ni lazima. Hakuna mtafsiri anayeteleza kutoka anaweza hadi lazima katika mstari ambao nchi nzima inaning'inia juu yake. Menelik aliukana mkataba, na tarehe 1 Machi 1896 Waitalia walishindwa vitani Adwa. Leo hakuna anayemwita Menelik mjinga. Naamini tofauti kubwa kati yake na Mangungo, ukiacha jeshi, ni kwamba yeye alikuwa na nakala yake ya Kiamhari mkononi. Aliweza kuzilaza karatasi mbili mezani. Mangungo hakuachiwa karatasi yoyote anayoweza kuisoma, na hasara hiyo ndiyo tunayomcheka nayo.

Ustadhi aliniambia jambo lililonigusa sana hapa. Katika dini yake, kumsingizia mtu ni katika haki za waja: Mungu anasamehe yaliyo yake, lakini la mja unamwendea mja mwenyewe ukaombe radhi. Kwetu pia tumeagizwa tuiache sadaka madhabahuni, twende tukapatane kwanza na ndugu. Sasa ndugu mwenyewe alikufa zamani. Tutamwendea wapi? Nimewauliza mapadri na wachungaji, na wengi wananijibu kwa kuniombea amani ya moyo. Mimi nadhani jibu ni gumu na la kawaida tu: deni lililofanyika mbele ya watu hulipwa mbele ya watu. Jina lilichafuliwa darasani, lisafishwe darasani.

Lakini ustadhi hakuniacha niondoke nimeshinda.

"Dada, na wewe angalia. Umemtoa Mangungo kwenye ujinga, unataka kumweka kwenye kiti cha mwenye hekima aliyelaghaiwa. Pengine alielewa vizuri. Pengine alitaka bunduki za Mzungu dhidi ya jirani yake. Huo nao utakuwa ushahidi wa kutunga, kwa ajili yake."

Nilikubali kwamba anaweza kuwa sahihi. Nilichokataa ni kwamba Mangungo anadaiwa kuthibitisha chochote. Mshtakiwa hathibitishi. Anayemshtaki ndiye mwenye mzigo huo. Mjukuu wangu aliirudia kazi yake usiku ule, na sentensi yake ya kwanza ikaanza na maneno "Kwa mujibu wa Carl Peters". Aliniuliza kama mwalimu atayakubali. Nikamwambia ayaache hivyo hivyo, na akiulizwa, aulize naye karatasi ya upande wa pili iko wapi.

Hilo ndilo ningependa vitabu vyetu vifanye pia, na haligharimu kuandika sura mpya. Maneno hayo yaongezwe mbele ya kila sentensi inayotoka kwa Peters. Na kama Msowero kuna wazee waliopokea habari za siku ile kutoka kwa wazee wao, waendewe na watu wanaojua kusikiliza, maelezo yao yachukuliwe kama tunavyochukua ya shahidi, jina, mahali, alisikia kwa nani, kisha yachapishwe ukurasa mmoja na ile karatasi ya Kijerumani, yawe yanaikubali au yanaikana.